Frampeni ndogo ya nonstiki yenye mfuniko wa kioo: mayai na mboga asubuhi kwa kijiko cha chai cha mafuta

Wenye haraka chukueni jibu hapa hapa juu: kama unapikia gesi au jiko la umeme la koili, na asubuhi unapenda mayai na mboga ila unataka kupunguza mafuta bila kuishia kula chakula cha wodini, nunua hii frampeni. Kama nyumbani ni mkaa tu, achana nayo, sababu nitaisema huko chini. Maksi naipa nane kwa kumi.

Ninayoiongelea ni ile ya sentimita 20, nyeusi kwa ndani, ina mfuniko wake wa kioo wenye katundu kadogo ka kutolea mvuke, siku hizi Kariakoo zimejaa, kwenye maduka ya vyombo zipo na kwa wale wanaopanga chini pembeni ya barabara zipo. Muuzaji alianzia 35,000, tukaongea, nikalipa 25,000. Jina la kwenye boksi sina haja ya kulitaja maana hiyo hiyo frampeni utaikuta imeandikwa majina matatu manne tofauti, sasa ukishika jina utadanganyika, wewe shika sifa. Ya kwanza ni uzito. Ibebe mkononi uisikie. Ile nyepesi ambayo ukiiminya pembeni inabonyea hata ukipewa kwa 10,000 iache dukani, bati jembamba linapata moto pale tu penye mwali, yai linaungua katikati huku pembeni bado linachezacheza. Ya pili ni mfuniko wake mwenyewe unaokaa sawasawa, na hapa naomba mnielewe vizuri, mfuniko ndo nusu ya thamani ya hiki chombo, wauzaji wengi wanatenganisha wanakwambia dada chukua frampeni peke yake nikupunguzie elfu tano, usikubali.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania chombo wakati watu wakiongelea kupungua wanaongelea chakula? Kwa sababu mayai na mboga zenyewe hazijawahi kuwa tatizo. Yai moja kubwa ni kalori kama 70 hivi, na ndani yake unapata protini gramu 6. Mchicha gramu 100 ni kalori 23. Nyanya gramu 100 ni 18, kabichi 25, kitunguu 40. Yani ukijaza sahani mboga tupu bado hujafika kalori za chapati moja, maana chapati unga wake tu, tuseme gramu 60, ni kama kalori 220 kabla hujaipaka chochote. Halafu njoo kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120, na hapo hata ukinunua mafuta ya bei gani, yawe ya alizeti, mawese au yale ya mzeituni, hesabu ni hiyo hiyo. Na nani kwetu anapima kijiko? Tunainamisha dumu tunamimina kwa macho, vijiko vitatu vimeshaenda hapo, kalori 360 kwa ajili ya mayai mawili yenye 140. Sio yote yanaliwa ni kweli, mengine yanabaki kwenye chombo, ila yai lililopigwa na vitunguu likikutana na mafuta mengi ya moto linabeba ya kutosha, angalia sahani ukishamaliza kula utayaona.

Lakini watu hawamimini mafuta mengi kwa uroho. Wanamimina kwa sababu wakipunguza yai linashika. Protini ya yai ikipata moto inafunguka na kujibandika kwenye bati au alumini, na mafuta ndo yanakaa katikati kuzuia, kwa hiyo ukimwambia mtu mwenye sufuria ya alumini apike mayai kwa kijiko cha chai cha mafuta unamwambia akwangue, na baada ya asubuhi mbili tatu za kukwangua atarudi kwenye dumu lake na hutamlaumu. Nonstiki inaifanya hiyo kazi ya kuzuia badala ya mafuta. Mafuta yanabakiwa na kazi ya ladha na kulainisha kitunguu tu, na kwa hiyo kazi kijiko kimoja cha chai kinatosha kabisa, kalori 40.

Mapishi yenyewe ninayotumia kuipima ni haya, kwa mtu mmoja mwenye njaa. Mayai mawili, kitunguu nusu, hoho nusu, nyanya moja iliyoiva ila bado ngumu, mchicha kiganja kimoja kilichojaa, punje ya kitunguu swaumu, pilipili manga, chumvi kidogo. Frampeni ikiwa moto wa kati weka hicho kijiko cha chai cha mafuta uyasambaze kwa tishu au kabrashi ka silikoni, tia kitunguu na hoho, koroga, halafu nyunyizia maji vijiko viwili na ufunike. Dakika mbili. Hii ya maji na kufunika watu wanaiona ya ajabu ila ndo inayolainisha kitunguu bila kuongeza mafuta, ule mvuke unafanya kazi, ukifungua maji yanakauka yenyewe na kitunguu kinaanza kupata rangi. Hapo ndo unatia swaumu na nyanya, nyanya uwe umeitoa ile mbegu yenye majimaji, mwishoni mchicha uliokatwa mwembamba.

Na hapa ndo pa kutulia, usikimbilie mayai. Mchicha zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, nyanya asilimia 94 na zaidi, uyoga nao hivyo hivyo, na chumvi ikishaingia inayavuta hayo maji yatoke nje. Ukimwaga mayai wakati mboga bado zinatoa maji utapata yai linaloelea kwenye supu ya kijani, laini vibaya, halina ladha, halafu mtu anasema mayai na mboga sio chakula. Subiri mpaka sauti ibadilike. Kwanza utasikia inachemka, baadae unasikia inakaangika, ule mlio mkavu mkavu, ukiinamisha frampeni hakuna kitu kinachotiririka. Ndo unashusha moto mpaka chini kabisa, unamwaga mayai yako uliyoyapiga na chumvi, unasogeza sogeza mara moja yaingie katikati ya mboga, unafunika.

Dakika tatu mpaka nne usiguse.

Huo mfuniko sasa ndo nilikuwa nausema. Ute wa yai unaanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, kiini kinafuatia kwenye 65 mpaka 70, haya sio moto mkali hata kidogo, mvuke uliofungiwa chini ya kioo unafika huko bila shida, kwa hiyo juu panaiva bila wewe kugeuza. Kugeuza ndo kunakovunja mayai, na ndo kunakofanya watu waongeze mafuta kabla ya upande wa pili. Hapa hugeuzi chochote. Kioo kinakuonyesha, juu pakishakuwa pameshikana hapang'ai kimaji maji, zima, acha dakika moja hivyo hivyo, inamisha juu ya sahani. Inateleza yenyewe nzima nzima, na chini inakuwa na rangi ya dhahabu nyepesi, sio ile kahawia ngumu. Kama una mtoto mdogo, mjamzito au mzee nyumbani hakikisha limeiva mpaka ndani, usiache kiini kinatiririka, mayai mabichi yanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Jumla ya sahani hiyo ukipiga hesabu ni mayai 140, mafuta 40, mboga zote tuseme 70, inakuja kalori 250 hivi. Sahani imejaa, ina protini zaidi ya gramu 12, na kuna kitu cha kutafuna. Baba watoto kliniki ya presha walimwambia apunguze uzito na mafuta, na alikuwa mtu wa chapati mbili na chai ya maziwa, saa nne anatafuta tena kitafunwa. Siku hizi anakula hii na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha au mhogo wa kuchemsha, na anafika mchana hajalalamika. Kwangu hiyo ndo tathmini kubwa kuliko nyota za kwenye boksi, kwa sababu chakula cha kupungua ambacho mtu anakikimbia baada ya wiki hakina faida, na yeye anakiulizia mwenyewe.

Mboga badilisha upendavyo, ila zina tabia zake. Matembele yanaenda vizuri sana, kwa ladha mimi nayaweka juu ya mchicha. Sukuma wiki ni ngumu, ikate nyembamba kama ya kuuzwa sokoni na uipe dakika tatu zaidi chini ya mfuniko na maji kidogo. Karoti ikwangue usiikate vipande. Kabichi tamu, hasa ikianza kupata rangi pembeni. Uyoga weka wa kwanza kabisa peke yake mpaka ukauke. Nyanya chungu kwa anayeipenda, chemsha kwanza. Ya kuogopa ni bilinganya, inanyonya mafuta kama sponji, ukiitaka ikatwe ndogo na iivie kwenye maji. Dania na kamuo la ndimu mwishoni vinakuwezesha kupunguza chumvi, na vile vikyubu vya mchuzi kwa mwenye presha naomba muviweke mbali, vimejaa chumvi.

Kuna mtindo wa kumwaga viini ili kupunguza kalori, nimeulizwa hilo na ndugu wengi. Ute wa yai moja ni kalori kama 17, kiini kama 55, kwa hiyo kweli unapunguza. Lakini kwenye kiini ndo kuna vitamini A, D, B12 na kolini, na yale mafuta yake kidogo ndo yanasaidia mwili kuchukua karotini ya mchicha na karoti, ile ambayo mwili unaigeuza vitamini A, maana karotini haichukuliwi vizuri bila mafuta. Kumwaga kiini halafu ukakaangia ute kwa vijiko viwili vya mafuta ni kupoteza pande zote mbili. Kolestro ya yai moja ni kama miligramu 186, na mwaka 2015 Wamarekani kwenye mwongozo wao wa lishe waliondoa ile kanuni ya kutozidi miligramu 300 kwa siku, ingawa bado walishauri mtu asizidishe. Mwenye kisukari au moyo amuulize daktari wake mayai mangapi yanamfaa, hapo mimi sina la kusema. Kwa wengine mayai mawili mazima, au zima moja na ute wa mawili kama unataka sahani kubwa.

Nimekata maksi mbili kwenye zile kumi, nazo ni hizi.

Moja nzima ni kwa ajili ya ukubwa. Sentimita 20 ni mtu mmoja, ukijibana wawili. Familia ya watu watano asubuhi ya shule haiwezekani, utapika zamu zamu gesi inaisha na watoto wanachelewa gari. Kama mko wengi tafuta ya sentimita 26 au 28 ya aina hii hii, mayai sita na mboga nyingi, muda wa kufunika uongeze mpaka dakika saba nane moto ukiwa mdogo vile vile, halafu unakata vipande vya pembetatu. Nusu nyingine ni mpini. Skrubu yake inalegea kadri unavyopika, joto linaitanua na kuirudisha, inabidi uwe na bisibisi jikoni uikaze kila baada ya muda, na kwa mtu anayeinamisha frampeni ya moto juu ya sahani hilo sio jambo dogo. Nusu ya mwisho ni kale kakitasa ka mfuniko, kanapata moto kuliko ninavyopenda, shika na kitambaa.

Boksi pia limeandikwa ni ya mawe, lina picha ya jiwe kabisa. Vile vidoadoa vya ndani kwenye nyingi ya hizi ni muonekano tu, kinachofanya kazi ni nonstiki ile ile ya siku zote, kwa hiyo usiongeze hela kwa sababu ya jiwe. Na kama una jiko la umeme la induksheni, lile linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku dukani, isiposhika chini ya frampeni jiko lako halitaiona. Yangu haishiki.

Najua kuna wanaoogopa nonstiki, wengi wameniandikia kwamba inaleta saratani, basi tuliongee vizuri. Kile kinachopakwa ndani, PTFE, aliigundua mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1938 wakati anatafuta gesi za kwenye friji, na ni Mfaransa Marc Grégoire aliyekuja kuibandika kwenye alumini miaka ya 50, ndo ikazaliwa kampuni ya vyombo ya Tefal mwaka 1956. Yenyewe ikiwa imetulia kwenye chombo haina vurugu, kipande kidogo kikimezwa hakisagwi, kinapita. Wasiwasi mkubwa ulikuwa kemikali nyingine, PFOA, iliyotumika kiwandani kuitengeneza, hiyo ndo taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 iliiweka kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Viwanda vikubwa vya Marekani viliahidi kuiacha kabisa ifikapo 2015, na mwaka 2019 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kemikali sumu zinazodumu. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta maandishi kwamba haina PFOA, yangu yapo.

Kitu cha kuogopa kweli jikoni ni moto. PTFE ikipita nyuzi joto kama 260 inaanza kuharibika, ikiendelea kupanda inatoa moshi usiofaa kuvutwa, ndege wa kufugwa ndani wameshakufa kwa moshi huo, kwa hiyo mwenye kasuku asiwe nao jikoni. Frampeni tupu juu ya gesi iliyofunguliwa mwisho inafika huko ndani ya dakika chache tu. Ila mapishi haya yote ni moto wa kati na mdogo, kuna maji ya mboga ndani, huwezi kukaribia hizo nyuzi joto labda uiwashe ukaenda kuongea na jirani. Ndo sababu pia nawakataza wa mkaa. Mkaa haupimiki, dakika hii umepoa, upepo ukipita umewaka, chini ya frampeni panaweza kupita kiwango bila wewe kujua, na mpini wa plastiki unakaa juu ya makaa unayeyuka.

Utunzaji hauna mengi. Stili waya marufuku, kijiko cha chuma marufuku, tumia mwiko wa mbao au wa silikoni. Usiitie maji baridi ikiwa ya moto, inapinda katikati, na ikishapinda yai linakimbilia pembeni maisha yote. Ukiipanga kabatini weka kitambaa kati yake na chombo cha juu. Dada wa kazi au ndugu anayekusaidia kuosha mwelekeze kwa upole siku ya kwanza kabisa, mwonyeshe na sponji lenyewe, usingoje mikwaruzo. Siku mayai yakianza kushika kwa kijiko cha chai cha mafuta, au ukaona inabanduka, imemaliza kazi, nunua nyingine.

Kuna airfryer pia, kile chombo cha umeme kinachopika kwa hewa ya moto, nimepikia mayai ya mboga ndani yake kwenye vikombe vidogo, yanatoka vizuri ila bei yake ni mara nyingi ya hii na umeme ukikatika huna chai. Kwa wenzangu wa mkaa, tafuteni frampeni ya chuma kizito, ile nyeusi. Ipakwe mafuta membamba na kuchomwa mara kadhaa mpaka iwe na ngozi inayong'aa, baada ya hapo kijiko cha chai kimoja na nusu kinatosha, sogeza makaa pembeni yabaki machache katikati, funika na mfuniko wowote wa sufuria unaoenea. Ni nzito na inataka uvumilivu mwanzoni, lakini mkaa hauiharibu na utamwachia binti yako.